Pua ya Mwasisi

Ilikuwepo, na sina budi kusema bado ipo, nchi moja ambayo jina lake silitaji kwa kuwa wenyewe hawapendi litajwe bila kibali. Wahenga wa nchi hiyo walisema, kama wahenga wa kwingine, kwamba kinyago ukikichonga mwenyewe hakikutishi. Walikuwa na haki ya kusema hivyo; wao walikwisha kufa. Chilumba mchongaji alikuwa hai, na kinyago alichokichonga kwa mikono yake mwenyewe kilimtisha mpaka akaanza kulala amevaa viatu.

Chilumba alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye pua iliyopinda kushoto tangu siku gogo la mpingo lilipomponyoka na kumshukia usoni. Aliishi na mkewe Somoe nyuma ya soko la Mtakuja, akichonga chini ya banda la mabati. Kazi yake ilikuwa safi, mpya, inayong'aa, na kwa sababu hiyo hiyo haikuwa na mnunuzi. Wageni waliokuja nchini kutafuta vitu vya asili walitaka vitu vilivyoteseka.

Ndipo alipotokea Sefu Nalinga. Pale sokoni walimwita Makwinya, kwa kuwa hapakuwa na kitu alichoshindwa kukizeesha. Alikuwa akichukua kinyago kilichochongwa Jumatatu, anakichemsha kwenye chai ya rangi, anakining'iniza juu ya moshi wa jiko la mama ntilie, kisha anakifukia kwenye kichuguu ili mchwa nao wakionje. Kikitoka huko kilikuwa na umri mkubwa kuliko babu wa babu yake Chilumba.

Kati ya vinyago hivyo kilikuwepo kimoja ambacho Chilumba alikichonga kwa mti mweupe wakati wa masika. Mvua ilikuwa kubwa, hakuna mtu aliyepita wa kumpima sura, basi akajipima mwenyewe. Alipitisha uzi toka sikio hadi sikio, akaweka vidole kati ya macho, na pua akaipapasa na kuichonga kama alivyoikuta. Makwinya akakizeesha na kumuuzia mkusanyaji mmoja wa Ulaya, tajiri aliyejaza nyumba yake vitu vya makabila ya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki, na ambaye hakuwa mtu wa maswali mengi. Kikatundikwa ukumbini kati ya ngao ya kisiwani na ngoma ya bara. Chini yake kikabandikwa kibao: kinyago cha kifalme, miaka mia nne. Chilumba hakuyajua hayo. Yeye alipata mabati mapya ya banda, akasahau.

Miaka kumi na miwili ikapita, mkusanyaji akafariki. Mjane wake, ambaye maisha yote ya ndoa alikunywa chai ya asubuhi akitazamwa na nyuso arobaini za watu asiowajua, aliamua kila kitu kirudi kilikotoka, na upesi. Wapakiaji wakachanganya. Rungu la vita la kisiwa kimoja cha Pasifiki likaingia katika sanduku la nchi ile. Serikali ililipokea kwa mizinga na kulitangaza kuwa ni Bakora ya Mwasisi. Mwanafunzi mmoja wa kisiwa hicho, aliyekuwa akisomea uhandisi wa maji chuo kikuu, aliandika barua ya adabu akieleza kwamba rungu lile ni la ukoo wa mama yake, na kwamba nakshi zake anaweza kuzisoma. Alipewa saa sita kuondoka nchini kwa kosa la kujua kusoma.

Na kinyago, kwa kuwa kibao kilisema miaka mia nne, kikawa uso wa Mwasisi wa Taifa. Palikuwa na kikwazo kidogo, kwamba taifa lenyewe lilikuwa na miaka thelathini na minane. Bunge likakaa asubuhi moja na kuiongeza historia miaka mia tatu sitini na miwili. Mbunge mmoja aliuliza miaka hiyo itatolewa wapi. Mpaka leo hajarudi kutoka alikokwenda kuitafuta.

Sanduku lilifunguliwa na Waziri wa Asili na Fahari, Mheshimiwa Sefu Nalinga, mbele ya kamera. Ndiyo, ni yule yule Makwinya. Katika serikali ile mtu anayeweza kukifanya kitu cha jana kionekane cha enzi hakosi cheo. Alipokitoa kile kinyago kwenye pamba, mikono ilimtetemeka. Magazeti yaliandika kuwa ni uzalendo.

*

Chilumba alipata habari kupitia vitumbua. Somoe alivileta vimefungwa kwenye gazeti, na Chilumba alipokuwa ametafuna cha kwanza, akaiona pua yake ukurasa wa mbele, imelowa mafuta. Juu yake waliandika MWASISI AREJEA NYUMBANI. Chini yake profesa mmoja alieleza kwamba pua iliyopinda kushoto ni ushahidi kuwa Mwasisi alikuwa akinusa maadui waliojificha upande huo.

Kitumbua kilikaa mdomoni hakimezeki wala hakitemeki. Somoe akalitazama gazeti, akamtazama mumewe.

"Baba Zuhura," akasema, "huyu ni wewe."

"Usiseme."

"Sijasema. Nimeona."

"Basi usione."

Somoe akalitia gazeti jikoni likaungua. Lakini gazeti lile lilitoka nakala laki mbili, na jiko lao lilikuwa dogo.

Siku ya tatu gari la wizara likamfuata Chilumba. Waziri alimpokea katika chumba chenye zulia zito, mapazia yamefungwa saa nne ya asubuhi. Hakumwambia karibu, hakumwambia keti. Chilumba alimkumbuka akiwa na kandambili na masizi hadi kwenye kope. Sasa alikuwa amenenepa na kung'aa, lakini jasho lilikuwa lile lile la pale jikoni.

"Wewe umewahi kuchonga kinyago?" Waziri akauliza.

"Nachonga kila siku, mheshimiwa."

"Sikukuuliza unachofanya kila siku. Nimekuuliza kama umewahi."

Chilumba akaelewa. "Sijawahi."

"Na mimi nimewahi kuuza?"

"Mheshimiwa, mimi sijawahi hata kukuona."

Waziri akafuta shingo kwa kitambaa. Akamweleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsomea mgonjwa dua, kwamba wapo watu wawili tu duniani wanaojua jambo fulani, na kwamba serikali ikigundua jambo hilo linajulikana na watu wawili, itapenda lijulikane na watu sifuri. Kisha akamruhusu aende. Chilumba alirudi kwa miguu, kilomita tisa, kwa sababu hakuweza kukumbuka basi lake ni lipi.

*

Mambo yangeishia hapo kama si Mlezi Mkuu, yaani rais wa nchi ile, kupenda kukivaa kinyago siku ya sherehe.

Uwanja ulijaa. Mlezi Mkuu alihutubia kwa muda wa saa tatu kuhusu mizizi. Alisema taifa lisilo na mizizi ni kama mti usio na mizizi, na kwamba yeye binafsi ni mzizi. Kisha akainua uso wa Mwasisi na kuuweka juu ya uso wake. Haukuingia. Mashavu ya Mlezi yalikuwa yamelelewa vizuri kwa miaka mingi; kinyago kilikaa katikati kama kifuniko cha birika juu ya boga. Akasukuma. Msaidizi naye akasukuma. Watu elfu arobaini walitazama nyasi. Mtu mmoja alikohoa, akachukuliwa kwenda kutibiwa kifua, na anatibiwa mpaka hivi sasa.

Jioni ile ile redio ilitangaza kwamba Mwasisi, kwa hekima yake, amemwachia uso wake mwananchi mmoja tu. Wanaume wote watapimwa, na yule ambaye kinyago kitamkaa atapewa heshima zote za taifa. Wananchi wakazima redio. Katika nchi ile heshima zote za taifa zilikuwa zikitolewa kwa maiti.

Zoezi lilipewa jina la Operesheni Uso kwa Uso. Kinyago kilizungushwa wilaya kwa wilaya ndani ya gari lenye king'ora, kimefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele. Huku nyuma wanaume wakaanza kuzikimbia sura zao. Waliokuwa wembamba walikula mihogo mpaka wakashindwa kuinama, wanene wakafunga Ramadhani nje ya Ramadhani. Mwalimu mkuu wa shule ya Mtakuja aling'oa magego manne yasiyouma ili mashavu yabonyee. Wafuga nyuki ndio waliopata neema: watu walipanga mstari kuingiza vichwa mizingani.

Chilumba naye alikwenda. Nyuki watatu shavu la kulia, wanne la kushoto, mmoja juu ya pua. Alirudi macho hayaonekani, na Somoe akamwambia hajawahi kumwona amependeza hivyo. Kwa mara ya kwanza katika wiki kadhaa Chilumba alipata usingizi.

Shida ilikuwa foleni. Kituo cha wilaya kiliwekwa kwenye ghala la korosho, na foleni yake ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza Chilumba alisimama akiwa amevimba na mwenye amani. Adhuhuri ya siku ya pili akaanza kuona vizuri. Alijipapasa shavu, akalikuta limenywea. Kila hatua aliyopiga kuelekea mlangoni sura yake ilikuwa ikimrudia, kama mbwa aliyefukuzwa anayejua njia ya nyumbani. Akajipiga makofi. Akajifinya. Mzee aliyekuwa nyuma yake akamwambia taratibu kwamba haisaidii, yeye amejaribu tangu asubuhi. Alipofika mlangoni pua ilikuwa tayari imekaa mahali pake, imepinda kushoto, mbichi kabisa.

Ndani walikuwemo Inspekta Sikujua, aliyekuwa mkuu wa kituo, karani mmoja na askari wawili. Kwanza kulikuwa na fomu. Karani alimuuliza jina, kijiji, uso huu ameupata wapi, amekuwa nao kwa muda gani, na kama kuna mtu mwingine anayeutumia. Chilumba alijibu kwa sauti iliyokuwa ikitokea magotini. Kisha askari mmoja akakiinua kinyago kwa mikono yenye glavu nyeupe na kumvika.

Kikakaa. Hakikukaa kama kofia kwenye kichwa. Kilikaa kama kope juu ya jicho. Ndani mlikuwa na baridi na harufu ya moshi wa mama ntilie. Chilumba aliwatazama wale watu wanne kupitia matundu aliyoyatoboa kwa patasi yake mwenyewe, na akasikia mkojo ukimtaka.

"Tikisa kichwa," akasema Inspekta.

Akatikisa. Hakikuanguka.

"Inama."

Akainama. Hakikuanguka.

Sikujua alimzunguka mara mbili. Mezani palikuwa na waraka wa siri kutoka makao makuu, na wote wanne walikuwa wameusoma, kwa sababu mambo ya siri katika nchi ile husomwa kwanza. Waraka ulisema kituo kitakachoupata uso kifungwe mara moja pamoja na watumishi wake wote, kikisubiri maelekezo zaidi. Inspekta alikuwa na watoto sita. Askari mmoja alikuwa ametoa posa wiki ile ile.

"Karani," akasema Inspekta, akaufunika waraka kwa kofia. "Karani, wewe unaona nini?"

"Naona kinapwaya, afande."

"Askari?"

"Kinambana, afande."

"Andika vyote viwili. Kinapwaya na kinambana."

Karani akaandika, akagonga muhuri. Ikabaki kukivua. Askari mmoja alimshika Chilumba kiunoni, mwingine akashika kinyago, wakavuta mpaka kikatoka kwa mlio kama kizibo cha chupa. Inspekta alimfuata mpaka mlangoni na kumwambia, bila kumtazama, aende nyumbani na asionekane tena katika wilaya hiyo akiwa na sura hiyo.

*

Wanaume milioni sita walipimwa. Taarifa ya mwisho ilisema hakuna hata mmoja. Mlezi Mkuu alipoisoma aliwaita wanasayansi, nao baada ya siku nne wakatoa tamko: kinyago kilisinyaa kwa baridi ya Ulaya, na huenda kilisinyazwa makusudi. Kinapaswa kurejeshwa kwenye ukubwa wake wa asili, ambao, kwa mujibu wa uchunguzi, ulikuwa ukubwa wa Mlezi Mkuu. Waziri Nalinga akaulizwa ghafla, mbele ya baraza zima, kama anamjua fundi. Hofu ikamfungua kinywa kabla akili haijafika, na jina lililotoka ni la yule mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Walimfuata Chilumba saa tatu asubuhi. Somoe alimfungashia patasi, tupa na msasa, na chini yake akaweka kitambaa cheupe kipya, yadi nne. Chilumba alikiona, hakuuliza cha nini.

Katika Jumba Kuu walimpokonya vyombo vyake na kumpa patasi ya serikali, iliyofungwa mnyororo mezani kama kalamu ya benki. Halafu wote wakatoka. Sheria ilikataza kuugusa, kuupiga picha, kuuchora au kuuota uso wa Mlezi Mkuu, na hakuna aliyetaka kuwa shahidi wa kuguswa kwake. Mlezi akaingia peke yake, akaketi, akafumba macho.

Chilumba aliweka vidole juu ya mashavu yale. Alitegemea kukuta kitu kigumu. Alikuta ngozi ya mzee, ina jasho, inatetemeka chini chini kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Ilimchukua muda kuelewa kwamba si vidole vyake vinavyotetemeka, au si vyake peke yake.

"Taarifa inasema hayupo," akasema Mlezi, macho amefumba.

"Ndivyo inavyosema, Mtukufu."

"Mimi naamini yupo. Sasa hivi anakula wali mahali, ananisubiri."

Akafumbua macho. Na kwa kuwa uso wa Chilumba ulikuwa mbele yake shubiri moja tu, na kinyago kilikuwa mezani pembeni, macho yake yalikwenda kwenye kinyago, yakarudi, yakaenda tena, kama mtu anayetazama pande mbili kabla ya kuvuka barabara. Yakatua kwenye pua. Yakabaki hapo.

Mlangoni, nje, askari alikohoa. Chilumba aliziona akilini zile yadi nne nyeupe. Alimwona Somoe akizipima dukani, akimwambia muuzaji aongeze kidogo. Mkono wake, ambao ulikuwa umefanya kazi miaka thelathini bila kungoja ruhusa ya kichwa, ulikwishashika patasi.

"Mtukufu," akasikia mtu akisema, na alikuwa yeye, "pua hii si ya Mwasisi. Imepindishwa na baridi ya ugenini."

Akaegemeza patasi, akakata. Kibanzi kiliruka na kuanguka sakafuni, na pale kilipotoka, kwenye uso wenye miaka mia nne, mti ulikuwa mweupe kama nazi.

Mlezi Mkuu akautazama ule weupe. Akakitazama kibanzi. Kisha polepole akanyoosha mguu, akaweka kiatu chake juu ya kibanzi na kukifunika.

"Nyoosha," akasema.

Chilumba akanyoosha. Alipanua mashavu, akashusha kidevu, akaondoa kila alama ya uzi na vidole vya siku ile ya masika. Mlezi alikaa pale pale saa nzima, kiatu hakikusogea. Mwishoni akauliza ile pua nyingine, ya fundi, imepinda tangu lini.

"Tangu siku utakayoagiza, Mtukufu."

Mlezi hakucheka, na Chilumba alimshukuru Mungu, kwa sababu kicheko chake kilikuwa na tafsiri.

Ilibaki kuuficha weupe. Kwa hiyo Waziri wa Asili na Fahari akavua koti, akakunja mikono ya shati, na kwa siku mbili watu wale wawili walisimama katika jiko la Jumba Kuu wakichemsha chai ya rangi na kupuliza kuni mbichi, hawazungumzi, kila mmoja akimpa mwenzake chombo kabla hajakiomba. Makwinya hakuwa ameusahau mkono wake. Alipomaliza, pua mpya ilikuwa na umri mkubwa kuliko uso wote. Wiki iliyofuata aliteuliwa kuwa balozi katika kisiwa cha mbali huko Pasifiki, ambacho maji yakijaa hakionekani.

Mlezi Mkuu alikivaa kinyago uwanjani, kikamkaa sawasawa, na watu elfu arobaini walipiga makofi mpaka walipoambiwa inatosha. Chilumba alirudishwa nyumbani na cheti chenye muhuri kinachothibitisha kwamba kazi aliyoifanya haikufanyika. Somoe aliposikia gari likisimama hakutoka nje. Alisubiri kusikia milango mingapi itafunguliwa, na nani atakanyaga changarawe. Alipomwona mumewe amesimama kizingitini, alikaa chini papo hapo, juu ya mchele aliokuwa akiupepeta.

*

Tangu hapo Chilumba hakuweza kuchonga uso. Alijaribu. Jicho la kwanza likishajitokeza kwenye mti alikuwa akihisi anatazamwa, jasho linamtoka, anaweka chombo chini. Akageukia miko: ya ugali, ya wali, ya kukorogea uji. Wanawake wa Mtakuja waliipenda. Akaanza kula vizuri, na viatu akawa anavivua kabla ya kulala, ingawa aliviweka karibu.

Kisha ikatoka sheria kwamba kila kitu kilichochongwa nchini kikaguliwe, kisije kikafanana na mtu. Mkaguzi aliyefika bandani kwake alikuwa dada mmoja mpole, ana daftari kubwa na viatu vilivyojaa vumbi la njia. Aliwaamkia shikamoo Chilumba bandani na Somoe jikoni, akaketi, akaomba aione miko. Akaikagua thelathini, mmoja mmoja, mbele na nyuma, bila haraka. Aliufikia mmoja, akaugeuza kwenye mwanga, akaugeuza tena.

"Baba," akasema, kalamu iko tayari, "na huu unafanana na nani?"

Chilumba alifungua mdomo. Alitafuta jina la mtu ambaye haitakuwa kosa kufanana naye, akapita ukoo wake wote, akapita majirani, hakumpata.

Somoe akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Akaomba radhi, maji yanachemka. Akauchukua mwiko mkononi mwa mkaguzi, akarudi ndani, akamimina unga, akaanza kusonga. Mkaguzi alibaki na mkono mtupu, kalamu hewani. Chilumba hakuthubutu kumtazama. Aliinamisha kichwa na kuusikiliza mwiko ukigonga sufuria, pigo kwa pigo, kwa muda ambao hakuujua urefu wake, mpaka aliposikia daftari likifungwa, na mgeni akiuliza maji ya kunawa yako wapi.